Mashine tumenunua, sasa tumsomeshe mtunza picha

Mtu aliyegongwa akiwa kwenye bodaboda akiletwa kwetu usiku hajitambui, siti skani ya kichwa chake huisha kabla watu waliomleta hawajamaliza kuulizwa maswali mapokezi. Hutoka picha mia tatu au mia nne, kila moja kipande chembamba cha fuvu na ubongo, nukta 512 kwa 512, uzito wa nusu megabaiti hivi. Daktari wa upasuaji anayesubiri hana haja ya kuiona mashine. Anataka vipande vyote, kwa mpangilio wake, kwa jina la mgonjwa huyu na si mwingine, kwenye skrini iliyo mbele yake, sasa hivi. Kati ya mashine na skrini hiyo kuna nyaya, swichi, seva, diski, programu mbili tatu za makampuni tofauti, na orodha ya majina. Kimoja kikigoma, picha zipo na hazionekani.

Mimi ni mteknolojia mionzi katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa miaka kadhaa sasa, juu ya zamu zangu za kupiga picha, ndiye ninayeitunza njia hiyo. Mfumo wenyewe unaitwa PACS, na kazini tunausema paksi: ndipo picha zote za eksirei, siti skani, ultrasaundi, MRI na mamografia zinapopokelewa, zinapohifadhiwa na kugawiwa kwa madaktari. Barua yangu ya ajira haitaji kazi hiyo hata kwa mstari mmoja. Nilipokuwa chuoni somo hilo halikuwepo. Nililijua kwa kulazimika, na wenzangu ninaowafahamu katika mikoa mingine wamelijua hivyo hivyo, kila mmoja peke yake, kila mmoja akianza mwanzo.

Nchi haiwezi kuendelea hivi. Msimamizi wa mifumo ya picha za tiba anapaswa kusomeshwa darasani, kutahiniwa, kupewa cheo na mshahara wa kazi hiyo. Na wa kwanza kuingia darasani wawe wateknolojia mionzi.

Nilianza kazi wakati wa filamu. Chumba cha giza, taa nyekundu, beseni la dawa ya kutoa picha, beseni la dawa ya kuikaza, filamu zimening'inizwa zikauke, kisha bahasha ya kaki. Mgonjwa aliondoka na bahasha yake kwapani, na akipanda basi kwenda Moshi au Dar es Salaam alisafiri nayo mapajani. Filamu iliungua, ilichubuka, iliibiwa, lakini ilikuwa kitu cha kushika, na ikipotea ulijua imepotea. Picha ya kidijitali inaweza kuwa ndani ya seva, nzima kabisa, na isipatikane miaka yote kwa sababu imeandikwa jina ambalo hakuna atakayelitafuta. Hatari hiyo hatukuwa nayo zamani, na hatujamwandaa mtu wa kuikabili.

Hapo mwanzo kila kampuni ilitengeneza mashine yenye utaratibu wake, na picha za kampuni hii hazikufunguka kwenye kompyuta ya kampuni ile. Mwaka 1983 chama cha madaktari wa radiolojia wa Marekani, ACR, na chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme, NEMA, waliunda kamati moja. Kiwango chao cha kwanza kilitoka mwaka 1985, na mwaka 1993 kikatoka kile kinachotumika duniani kote hadi leo, DICOM. Kwa makubaliano hayo picha haisafiri tupu. Ndani ya kila faili kuna maandishi yaliyopangwa kwa namba: jina la mgonjwa liko 0010,0010, namba yake ya hospitali iko 0010,0020, tarehe yake ya kuzaliwa iko 0010,0030. Anayezijua namba hizi anafungua picha iliyokataliwa na kusema shida iko wapi. Asiyezijua anabaki kuzima na kuwasha kompyuta, akiomba Mungu.

Mwaka 2021 nchi yetu ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilinunua siti skani za hospitali za rufaa za mikoa. Walioamua hivyo nawashukuru kwa dhati. Wagonjwa ambao zamani wangesafirishwa usiku kucha ili wakapigwe picha ya kichwa, sasa wanapigwa mkoani kwao, na wapo wanaotembea leo kwa sababu hiyo.

Lakini tupige hesabu. Siti skani ya vipande 500 ni megabaiti 250. Hospitali ikihudumia wagonjwa 30 kwa siku, hizo ni gigabaiti 7.5 kila siku, na kwa mwaka zinakaribia terabaiti 2.7. Hapo sijagusa eksirei wala mamografia. Hesabu hii ni ya mtoto wa sekondari, na bado ni lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kuipiga kabla seva haijaagizwa, na kuirudia kila robo mwaka baada ya hapo. Asipokuwepo, diski inajaa saa nane usiku wa Jumapili. Mashine inaendelea kupiga, ikirundika picha kwenye kumbukumbu yake ndogo, mpaka nayo ijae, na mashine nyingine zimepangwa zianze kufuta za zamani ili zipate nafasi.

Simu za usiku nimezizoea.

"Shikamoo dada, samahani nakuamsha. Picha haziji."

"Marahaba. Zimetoka kwenye mashine zikakwama, au hazijatoka kabisa?"

"Hazijatoka. Zinaandika imeshindikana."

"Piga eko."

Eko ni ujumbe mfupi ambao mashine inautuma kwa seva kuuliza kama ipo na kama inaitambua. Ikijibiwa, njia ni nzima, basi tunaangalia mengine: diski imejaa, au seva imeikataa picha kwa sababu fulani. Isipojibiwa, tunakagua kebo, tunakagua kama anwani ya mtandao imebadilika umeme uliporudi, kama mlango wa mawasiliano ni 104 au 11112, kama jina la kifaa limeandikwa sawasawa pande zote mbili. Katika DICOM kila kifaa kina jina lisilozidi herufi 16, na herufi kubwa si sawa na ndogo. Jina likikosewa, picha ni kama barua iliyoandikwa sanduku la posta la mtu mwingine. Usiku mmoja ilichukua saa mbili kugundua kwamba fundi aliyebadilisha seva mchana wake alikuwa ameandika herufi O mahali pa sifuri. Saa mbili, mgonjwa akiwa juu ya kitanda na daktari akizunguka ukumbini.

Mambo haya mwanafunzi anayeelekezwa vizuri huyashika kwa wiki chache. Anayepapasa peke yake huchukua miezi, na miezi hiyo anajifunzia kwenye seva yenye picha za wagonjwa halisi.

Mimi nilibahatika kupata pa kujifunzia. Niliomba kompyuta ya mezani iliyokuwa inasubiri kutupwa, nikaweka Orthanc, programu ya bure iliyoanzishwa na Sébastien Jodogne katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ukishaiweka unafungua kivinjari, unaingia mlango 8042, na mbele yako kuna ghala dogo la picha linalofanya karibu kila kitu ambacho lile kubwa hufanya. Picha za mazoezi nilizichukua kwenye The Cancer Imaging Archive, hazina ya Marekani yenye picha za wagonjwa wa saratani zilizokwisha kuondolewa majina. Nikazituma, nikazitafuta, nikaziharibu kwa makusudi. Nilibadilisha jina la mgonjwa kwenye nusu ya vipande. Nilizima seva katikati ya kupokea. Nilifuta namba ya hospitali nione mfumo utasemaje. Mtu akishaona kila aina ya uharibifu kwenye kompyuta isiyo na mgonjwa, hababaiki akiuona saa tisa usiku.

Kaka mmoja wa TEHAMA hapo kazini alinifundisha kugawa mtandao, na kusoma mazungumzo ya kompyuta mbili kwa programu iitwayo Wireshark. Mimi nikamweleza kwa nini eksirei ya kifua iliyogeuzwa kulia kushoto inatisha kuliko seva iliyozimika: seva iliyozimika kila mtu anaiona, ila picha iliyogeuka inaweza kumpeleka daktari kuchoma mrija kwenye pafu zima. Tulikaa hivyo jioni nyingi, huyu akimfundisha yule. Sijapata mafunzo bora kuliko hayo, na ningetaka kozi yoyote itakayoanzishwa ijengwe kwa mtindo huo, watu wa mionzi na watu wa TEHAMA meza moja.

Hata hivyo nina upande. Wapo viongozi wanaosema kwamba kwa kuwa ni kompyuta, basi ni kazi ya ofisa TEHAMA. Naheshimu kazi ya maofisa hao. Ukuta wa kuzuia wavamizi, seva kubwa, mtandao wa hospitali nzima, yote ni yao. Ila msimamizi wa picha hukutana kila siku na maswali yasiyojibiwa na kompyuta. Je, hizi seti tatu za tumbo ni mgonjwa mmoja kabla na baada ya dawa ya mshipani, au ni wagonjwa wawili? Moyo uko kulia kwa sababu alama ya upande imekosewa, au mtu huyu kazaliwa hivyo kweli? Seva inaweza kuzimwa saa ngapi bila kumuumiza mtu? Mteknolojia mionzi ameyajua hayo kwa miaka mitatu ya chuo na miaka ya kusimama kando ya kitanda. Kumwongezea mitandao na hifadhidata ni safari fupi. Kumfundisha mtu wa kompyuta anatomia, mionzi na maisha ya wodini ni safari ndefu zaidi, ingawa nimeona wachache walioimaliza, na hao wapokelewe kwa mikono miwili.

Sasa nije kwenye majina, maana ndipo kazi yetu ilipo ngumu kuliko kwingine, na vitabu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani haviwezi kutusaidia sana. Hamisi, Hamis, Khamis na Khamisi kwetu anaweza kuwa mtu mmoja. Kwa kompyuta ni wanne. Mwajuma na Mwanajuma. Rehema na Rehma. Tuna majina matatu, la mtu, la baba, la babu, na DICOM inataka jina la ukoo litangulie. Mwandikishaji wa asubuhi anaanza na la babu kama alivyoelekezwa, wa jioni anaanza na la mtu mwenyewe kama alivyozoea, na mgonjwa mmoja anakuwa wawili kabla jua halijazama. Mama aliyeolewa anatoa jina la mume leo, kesho anatoa la baba yake. Mzee asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa anaandikiwa tarehe 1 Januari ya mwaka wa kukisia, kwa hiyo tarehe hiyo, ambayo kwingine ingetenganisha watu wenye jina moja, kwetu inawachanganya zaidi. Mtoto mchanga anapigwa picha kama "mtoto wa" fulani, anapewa jina baada ya siku kadhaa, na picha za juma lake la kwanza duniani zinabaki upande wa mama. Na yule wa bodaboda aliyeletwa hajitambui ameingia kama "Asiyejulikana". Asubuhi ndugu wanafika, mapokezi yanarekebisha jina kwenye mfumo wa hospitali, na kwenye ghala la picha anabaki Asiyejulikana. Picha za namna hii tunaziita yatima.

Najua hospitali moja, nisiyoitaja, ambako mama mmoja alipigwa siti skani ya tumbo mara mbili ndani ya muda mfupi. Ya kwanza ilikuwemo kwenye mfumo, imesomwa na majibu yameandikwa, ila kwa jina jingine la ukoo. Daktari alitafuta, hakuona, akaagiza nyingine. Siti skani ya tumbo humpa mtu mionzi makumi ya mara kuliko eksirei ya kifua, na kwa makadirio mengine mamia. Mama yule aliipokea tena bila sababu, akailipia tena, na waliouza mifugo ili alipe ni watoto wake.

Dawa yake inajulikana. Jina liandikwe mara moja tu, mapokezi, kisha mashine zote zilivute kutoka kwenye orodha ya kazi ya siku badala ya mtu kulichapa upya chumba cha picha. Kitambulisho kiwe namba ya hospitali. Jina lisaidie tu kuthibitisha. Kwa mtu mzima aliye na namba ya NIDA, iwekwe pia, kwani tarakimu zake 20 huanza na tarehe ya kuzaliwa na haziendi kwa watu wawili. Kila asubuhi msimamizi afungue orodha ya yatima, ampigie mwandikishaji wa zamu ya usiku, athibitishe kwa simu na kwa faili, aunganishe, na aandike daftarini nani kaunganishwa na nani na kwa ushahidi gani. Kuunganisha watu wawili tofauti ni kubaya kuliko kuwaacha yatima, kwa hiyo kazi hii haifanywi na mtu aliyechoka wala mwenye haraka. Inahitaji saa zake katika siku, na saa hizo mtu anayepiga eksirei wagonjwa themanini hana.

Kuna na vijambo vidogo ambavyo mtu hafundishwi popote. Betri ndogo ya saa ndani ya mashine ikifa, umeme ukikatika mashine inaamka ikidhani ni tarehe 1 Januari mwaka 2000. Picha za leo zinazama chini kabisa ya orodha na watu wanasema zimepotea. Msimamizi mzuri anaanza kutafuta kwenye mwaka 2000, halafu anahakikisha mashine zote zinachukua saa kutoka seva moja.

Mfumo usipofanya kazi, watu huunda njia zao. Daktari anapiga skrini picha kwa simu na kumtumia bingwa WhatsApp. Simlaumu, mgonjwa anakufa mbele yake na bingwa yuko mbali. Lakini picha ya siti skani huwa na ngazi za weusi na weupe zipatazo elfu nne, na anayeisoma huzibadilisha kwenye skrini, mara atazame mfupa, mara ubongo, mara damu. Picha iliyopigwa kwa simu imeganda kwenye mwonekano mmoja. Damu nyembamba iliyolala chini ya fuvu inaweza isionekane humo kabisa, na bingwa akajibu kwamba hakuna kitu. Juu kushoto jina la mgonjwa linasomeka vizuri, na limeingia kwenye simu za watu kumi wa kundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kenya wana yao tangu 2019. Sheria inamkataza daktari. Ni msimamizi wa picha tu anayeweza kumpa njia halali ya kufanya kile kile. Vipande 500 vya megabaiti 250, kwa mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde, hufika Dar es Salaam kwa dakika nane au tisa. Vikibanwa bila kupoteza chochote, hufika kwa nusu ya muda huo au chini yake. Inawezekana leo, kwa vifaa tulivyonavyo, akiwepo anayejua kuipanga.

Asiyejua akiipanga, hatari yake ni kubwa. Mwaka 2019 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Ujerumani, Greenbone Networks, ilichunguza seva za picha za tiba zipatazo 2,300 zilizounganishwa na intaneti duniani. Seva 590 zilikuwa wazi, na ndani yake mlikuwa na rekodi zaidi ya milioni 24 za wagonjwa kutoka nchi 52. Hakuna mdukuzi aliyevunja kitu. Waliozifunga seva hizo waliziacha zikitazama barabarani bila nywila, kwa sababu DICOM ilibuniwa kwa ajili ya mitandao ya ndani ya hospitali, mahali ambapo kila anayebisha hodi alidhaniwa ni mwenyeji. Funzo hilo likiwa sura ya pili ya kitabu cha mwanafunzi, litatuokoa na aibu na kesi nyingi.

Wenzetu wameshaipa kazi hii heshima yake. Marekani, tangu 2007, kuna bodi ya taaluma ya mifumo ya picha, ABII, inayotoa cheti baada ya mtihani, na waajiri wanakiulizia. Sisemi tuwapeleke watu huko. Mtihani wao unalipiwa kwa dola na umetungwa kwa hospitali ambazo umeme haukatiki. Mtaala wetu uandikwe hapa, na uwe na sura nzima ya umeme: sekunde zinazopita kati ya kukatika kwa gridi na kuwaka kwa jenereta, na betri ya kuivusha seva katika sekunde hizo. Uwe na sura ya joto na vumbi, maana seva nyingi zimewekwa kwenye stoo za zamani zisizo na kiyoyozi. Uwe na majina. Uwe na kifua kikuu pia: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisome eksirei za kifua kuchunguza ugonjwa huo kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, na mtu fulani lazima azielekeze picha kwenye programu hiyo, apokee jibu, na ahakikishe limerudi kwa mgonjwa aliyekohoa na si jirani yake kwenye foleni.

Gharama yake isimtishe mtu. Vyuo vinavyofundisha mionzi, Muhimbili, Bugando na vingine, vina walimu na vina mashine. Chumba chenye kompyuta kumi za kawaida, swichi moja, Orthanc kwenye kila moja, na picha zisizo na majina kinatosha kuanza. Miezi sita darasani, miezi sita kwenye hospitali yenye mfumo unaofanya kazi, mtihani wa vitendo ambamo mtahini anavunja kitu na mtahiniwa anakitafuta. Wizara iiweke kada hiyo kwenye muundo wa utumishi, ili mtu aliyesoma asirudishwe kwenye zamu za kawaida huku akiitwa usiku kwa hisani. Na wanaokagua hospitali waongeze swali moja. Wakaguzi wa mionzi wakija kwetu wanapima kuta, milango na vipima mionzi tunavyovaa vifuani, na wanaifanya kazi hiyo kwa makini. Natamani aje na wa kuniuliza: nakala rudufu ya picha zenu iko wapi, na mara ya mwisho mlijaribu kuirejesha lini?

Kabla darasa hilo halijafunguliwa, kuna jambo linaloweza kufanywa kwenye zabuni inayofuata. Nimeona hospitali ambayo mkataba wake wa matengenezo uliisha, nywila ya msimamizi iko kwa mzabuni, naye yuko nchi nyingine, na picha za miaka yote ziko kwenye mfumo usioruhusu kuzitoa. Walilipa upya ili wafunguliwe mali yao wenyewe. Mkataba utaje kwamba nywila zote zinakabidhiwa kwa maandishi siku ya makabidhiano. Utaje kwamba picha zote zitatolewa kwa muundo wa DICOM hospitali ikizidai, bila malipo ya ziada. Utaje mafunzo ya watu wawili kwa majina, si "watumiaji" kwa jumla, na wawe wawili kwa sababu mmoja huhamishwa. Mafundi wa kampuni wanapokuja kufunga mashine hukaa siku kadhaa, na kwa kawaida siku hizo mteknolojia mionzi yuko chumba cha pili anapiga vifua na miguu iliyovunjika. Mganga mfawidhi amtoe kwenye zamu kwa siku hizo zote. Aketi nao tangu boksi la kwanza linafunguliwa, aandike kila anwani, kila jina la kifaa na kila namba ya mlango, na wasiondoke mpaka yeye mwenyewe, bila kuelekezwa, ametuma picha kutoka kwenye mashine na kuipata kwenye skrini ya wodi.